Bibi wa Kamusi na Bwana wa Juzuu Nane

Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, mwenye akili zake haingii duka la fotokopi. Dada mmoja alilijua hilo, lakini printa ya nyumbani ilikuwa imegoma tangu asubuhi na kesho yake anaanza kazi mpya. Basi akajikuta kwenye foleni iliyoanzia kaunta ikamalizikia nje kwenye ngazi, kabanwa kati ya wazazi wenye orodha za madaftari, chini ya feni moja iliyokuwa inazungusha joto tu. Alivaa gauni la kijani kibichi la mikono mifupi, na kucha alikuwa amezipaka rangi nyekundu usiku uliopita, maana mtu haanzi kazi mpya na kucha zilizochubuka. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na moja, na kazi yake ilikuwa kamusi.

"Kaka, laza kitabu juu ya kioo, funika, tumalize!" mwenye mashine alikuwa anafoka.

"Sikilazi," akajibu mwanamume aliyekuwa mbele kabisa. "Ukikigandamiza kitavunjika mgongo."

"Kitabu nacho kina mgongo?"

"Kinao. Tena wa miaka mia na kumi."

Foleni ikaangua kicheko, halafu ikakumbuka kwamba ina haraka, ikaanza kumshukia. Mwanamume mwenyewe alikuwa mrefu, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi vizuri ila kifuani limechafuka vumbi la ngozi kuukuu, na lile dude la kitabu amelipakata kama mtoto mwenye homa. Alisema kitabu si chake, ameazimwa na daktari mmoja mstaafu hadi saa kumi tu, na kurasa anazozihitaji ni arobaini. Aliposema arobaini, mama mmoja nyuma akapiga yowe.

Basi yule dada akatoka kwenye foleni. Mpaka leo ukimwuliza kilichomtoa hawezi kukueleza. "Kaka, simu yako ina kamera?" akamwuliza. "Njoo kwenye benchi pale dirishani. Mimi nitashika kurasa, wewe piga picha. Kitabu hakitabanwa na watu hawa hawatatuua."

"Utapoteza nafasi yako."

"Nishaipoteza. Kaa."

Wakakaa magoti yamegusana, kitabu kimefunguka nusu katikati yao, yeye ameshika ukurasa kwa kidole gumba, mwenzake anainama, anapiga, anageuza. Kilinukia kabati lililofungwa miaka. Walipomaliza, kaka wa watu akasimama kwenye foleni badala yake, akapanga foleni upya nusu saa nzima chini ya jua la ngazini, akamletea karatasi zake zimechapwa na kubanwa. Akaomba namba ya simu ili eti amtumie picha.

"Picha za kitabu chako nizipeleke wapi mimi?"

"Uone kazi ya mikono yako tu," alisema, na masikio yakamwiva.

Jioni ujumbe ukaingia. *Dada, asante sana. Picha arobaini, na kidole chako kimo katika thelathini na nane. Sijui jina lako, kwa hiyo nimekuandika Kidole.* Alicheka peke yake jikoni hadi jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Kulipokucha akaripoti kazini. Ilikuwa maktaba kubwa ya ghorofa nne, na Bi Mkuu wa maktaba, mama mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo na mwendo wa mtu asiyepoteza dakika, alimpandisha hadi ghorofa ya tatu huku akimweleza. Maktaba ina ensaiklopidia kongwe ya juzuu nane. Wanataka iingizwe yote kwenye kompyuta, isomwe na yeyote, popote. Kuna kijana ameifanya kazi hiyo miaka mitatu, ni mwaminifu, lakini anakwenda kwa mwendo wa kobe. "Wewe umeingiza kamusi tatu kwa mwaka mmoja," alisema Bi Mkuu akifungua mlango. "Nimekuleta uniamshie huu mradi."

Mwanamume mrefu mwembamba akageuka kutoka kwenye kompyuta. "Kidole!" akapiga kelele.

Bi Mkuu akavaa miwani. "Mnajuana?"

"Tumefanya kazi pamoja, Bi Mkuu," alisema yule dada, akitamani sakafu ipasuke imfiche. "Kidogo."

Jengo zima lilimwita Juzuu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mikono mitupu. Meza yake ilikuwa dirishani, ya Kidole ikawekwa kando yake, mita mbili hazifiki. Mbele yao rafu moja, na kwenye rafu ile zimejipanga juzuu saba zenye migongo ya kahawia na pengo la ya tano, iliyopotea zamani. Zile kurasa za dukani zilikuwa za hiyo ya tano, arobaini za mwisho alizokuwa amebakiza.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hivi. Kompyuta haisomi. Ukiipa ukurasa inaona herufi tu, kama mtu anayetazama barua ya lugha asiyoijua. Lazima mtu akae aiambie kipande kwa kipande: hiki ni kichwa cha habari, hili ni jina la mtu, hapa ni mahali, huu ni mwaka. Kila kipande kinavalishwa lebo mbele na nyuma. Kidole alikuwa bingwa wa lebo. Kamusi zake zote zilikuwa na vyumba vilevile: neno, aina ya neno, maana, mfano. Alikuwa amejitungia programu ya kupita kwenye ingizo moja baada ya jingine na kukagua kama vyumba vyote vimejaa, na popote alipoajiriwa alikuja nayo.

"Kamusi ni mtu wa haraka," Juzuu alimwambia wiki ya kwanza, wakinywa chai kwenye baraza ya nyuma. "Unamwuliza chumvi ni nini, anakwambia: nomino, madini meupe yatiwayo chakulani, kwaheri. Ensaiklopidia anakuketisha. Anakueleza chumvi inachimbwa wapi, inakaushwaje, nani walipigana kwa ajili yake. Mpaka unaondoka, chai imepoa."

"Kwa hiyo mimi ni mtu wa haraka?"

"Wewe unakunywa chai umesimama."

"Na wewe mtu akikuuliza saa ngapi, unaanza kumweleza saa ilivyobuniwa."

"Ziko kurasa kumi na moja za hiyo, juzuu ya saba. Nikusomee?"

Alimsomea, na yeye akakaa chini.

Walibishana kila siku, na kila siku akafika kazini mapema kidogo kuliko jana. Siku moja alikuta habari ya matetemeko ya ardhi. Waandishi wa zamani walisema ni upepo uliofungiwa chini unaotafuta pa kutokea. Akanyoosha mkono asahihishe, Juzuu akaruka kitini kama aliyeungua. "Usiguse! Kamusi inamwambia mtu neno linatumikaje, sawa, isahihishe. Hii inatuonyesha wao walijua nini. Ukiweka tunayoyajua sisi, umewaua mara ya pili."

"Makubwa! Nimeua watu asubuhi yote hii?"

"Watu thelathini na wawili. Majina yao yako ukurasa wa kwanza."

Siku nyingine Kidole alikuwa anatafuta kitu kwenye herufi P, akageuza, akageuza. "Mbona humu hamna kupenda?"

"Ensaiklopidia haina vitenzi, Kidole. Ina vitu."

"Basi mtu akitaka kupenda aende wapi?"

Juzuu akakaza macho kwenye kioo cha kompyuta yake. "Kwako," alisema. "Kwenye kamusi, nina maana."

"Nimeelewa una maana gani," akasema Kidole, na siku ile hakuna aliyeingiza chochote cha maana mpaka saa nane.

Hivyo ndivyo yalivyoanza. Simu kabla ya kulala, simu kabla ya kuamka. "Umefika, mpenzi?" "Nimefika, nyota yangu." "Ila umesahau mwavuli kwangu." "Sikuusahau." "Eti hukuusahau! Na kesho mvua?" "Kesho nitaufuata." Jumamosi moja Juzuu alimpeleka kwa dada yake, fundi cherehani mwenye duka dogo la mlango wa bluu, apunguziwe gauni lake la kijani kiunoni. Dada Fundi alimzungusha mara moja tu, akamkagua kisigino hadi utosi, akasema, "Wifi, umekuja kupunguza gauni wakati huyu kaka yangu ndiye wa kuongezwa mwili?" Juzuu akatoka nje kwa aibu. Kidole hakusahihisha hilo la wifi.

Mama yake kwa simu alikuwa na maswali yake. "Huyo mtu wa vitabu anakula?"

"Anakula, mama."

"Anaongea?"

"Mama, hanyamazi."

"Afadhali. Baba yako alikuwa mzuri lakini hasemi. Miaka ishirini na sita nimekisia."

Mwezi wa sita Bi Mkuu akawaita wote wawili. Wafadhili wanakuja mwisho wa mwezi kuona kazi imefika wapi. Na zaidi ya hayo, kitafunguliwa kitengo kipya cha vitabu vya kompyuta, kitahitaji mkuu, na kamati ya uteuzi inakaa Alhamisi ya mwisho. Aliposema mkuu alimtazama Kidole. Ajira ya kudumu, ofisi yenye dirisha lake. Kidole alikuwa ameishi kwa mikataba ya muda mfupi tangu amalize chuo. Alikitaka kile cheo hata chakula hakikupita.

Ndipo akaamua kutumia programu yake ya kamusi. Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Juzuu alikuwa pale pale mita mbili kando, visikilizi masikioni, anafananisha ukurasa wa kitabu na wa kioo kwa kidole, mstari kwa mstari. Kidole akapitisha juzuu zote nane kwenye programu. Ikazunguka, ikazunguka, ikaleta jibu. *Maingizo 1,140 hayana maana. Yafutwe?*

Alifungua mawili matatu. Kweli yalikuwa na kichwa na neno moja mbele yake, basi. Hakuna maelezo, hakuna kitu. Katika kamusi, ingizo lisilo na maana ni takataka ya uchapaji, mara nyingi mtu kabonyeza mara mbili. Alimtazama Juzuu, akamwona kazama, akawaza atamfanyia jambo jema, amsafishie kimya kimya. Akabonyeza ndiyo. Programu ikafuta, ikaandika taarifa yake kama ilivyozoea, ikaituma kwa msimamizi. Kidole akafunga mkoba, wakaenda kula pamoja, na usiku huo alilala usingizi mzuri, masikini.

Jumatatu saa tatu Juzuu aliitwa ghorofa ya nne, ofisini kwa Bi Mkuu. Aliporudi uso ulikuwa umempauka, na mkononi ana karatasi.

"Hii umeandika wewe?"

Kidole akasoma. *Maingizo matupu yaliyofutwa: 1,140. Chanzo: makosa ya mwingizaji.* Maneno yale aliyatunga mwenyewe miaka minne nyuma, kwa ajili ya kamusi nyingine, yakabaki ndani ya programu, na hakuwahi kuyafikiria tena.

"Programu imeandika," akasema.

"Na programu imeandikwa na nani?"

Angeweza kusema samahani pale pale, na hadithi hii ingeishia hapo. Lakini alikuwa ameshtuka, na akishtuka hujifanya jabali. "Juzuu, yalikuwa matupu kweli. Hayana kitu ndani. Ulitaka niwaonyeshe wafadhili uchafu?"

"Uchafu," alirudia Juzuu. "Bi Mkuu ameniuliza kwa nini nimekaa miaka mitatu naingiza hewa. Ameniambia nipumzike nyumbani mpaka kamati ikae. Nimeona jina la aliyetuma, nikasema haiwezekani, labda kuna makosa." Akakunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. "Kwa hiyo cheo umekipata. Hongera, dada."

Alimwita dada. Hakuwa amemwita hivyo tangu siku ya fotokopi. Akatundika begi begani, akaenda zake, na kwa mara ya kwanza jengo likamwona anashuka ngazi mikono mitupu.

Kidole akapiga simu. Ikaita, ikakatwa. Akapiga tena, imezimwa. Akampigia mama yake, akalia mpaka maneno hayaeleweki. "Kula kwanza," mama akasema. "Ulie ukiwa na kitu tumboni. Na uache kunieleza kwamba una haki, mwanangu. Mwenye haki halii hivi."

Hilo lilimchoma. Akanawa uso, akarudi mezani, akateremsha juzuu ya sita kutoka kwenye rafu ili ajithibitishie mwenyewe kwamba yale maingizo yalikuwa takataka. Kwenye orodha ya yaliyofutwa lilikuwemo *Nta*. Akalifungua kwenye kitabu chenyewe. Lilikuwepo, limechapwa kwa wino, halikubonyezwa kwa bahati mbaya na mtu yeyote: *Nta. Tazama Nyuki.* Basi akatazama *Nyuki*. Kurasa kumi na tatu, na wa tisa wote ulikuwa habari ya nta: inavyotoka tumboni mwa nyuki, inavyoyeyushwa, inavyochujwa kwa kitambaa. Na mwisho wa ukurasa: *Tazama Mshumaa.* Akaenda kwenye *Mshumaa*, ukampeleka kwenye *Taa*, taa ikampeleka kwenye *Jicho*.

Wale waandishi thelathini na wawili walijua kwamba mtu hajui aanzie wapi. Wakamwekea vibao. Atakayetafuta nta ataikuta kwa nyuki, atakayetafuta utambi ataukuta kwa mshumaa. Ndiyo maana halikuwa na maana ndani yake lile ingizo, kazi yake ilikuwa kukuelekeza. Na Juzuu, kwa mwendo wake wa kobe, alikuwa amegeuza kila *Tazama* kuwa kiungo kisichoonekana, ameunganisha kila kibao na ukurasa wake, ukibonyeza hapa unafika kule, mara elfu moja mia moja na arobaini. Yeye Kidole, bingwa wa lebo, aling'oa vibao vyote vya mji kwa sababu vibao havina vyumba ndani.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti, chumba kitupu. "Nimefanya nini mimi?"

Akapanda ghorofa ya nne bila kubisha hodi. "Bi Mkuu, kosa ni langu," akasema, akaeleza mwanzo hadi mwisho, amesimama.

Bi Mkuu alivua miwani. "Unajua Alhamisi kamati inakaa?"

"Najua."

"Na ukiyasema haya mbele yao, kiti kile hukikalii."

"Sitakikalia."

"Nami sitakutetea. Nitakuheshimu, lakini sitakutetea."

Alhamisi alivaa suti ya kijivu, akaketi mbele ya watu watano, na kabla hawajauliza lolote akayasema. Aliwaambia ameichukulia ensaiklopidia kama kamusi iliyonenepa, na kwamba kijana waliyempumzisha ndiye pekee katika jengo anayejua tofauti. Mmoja akamwuliza kama anaelewa anajiharibia. Akasema anaelewa. Alitoka pale, akakaa kwenye ngazi, akalia kidogo, akaenda kazini.

Nakala ya akiba ilikuwepo, lakini ilikuwa ya mwezi wa pili. Kila alichounganisha Juzuu tangu hapo kilikuwa kimefutika: maingizo mia tatu na kumi na mawili. Kidole akayarudisha kwa mkono, akiteremsha juzuu, akifuata *Tazama* moja baada ya nyingine, akisoma kule ilikompeleka kuhakikisha. Mara ya kwanza katika maisha yake alifanya kazi polepole. Alisoma habari za madaraja, za ugonjwa wa macho, za jinsi karatasi inavyotengenezwa kwa matambara. Kila jambo zuri alilolikuta aligeuza shingo amwambie mtu wa dirishani, akakuta kiti kitupu. Siku ya tisa, Jumamosi, saa sita mchana, akaliunganisha la mwisho. Simu ya Juzuu bado ilikuwa imezimwa. Akajikaza kisabuni, akavaa viatu, akaenda kwenye mlango wa bluu.

Dada Fundi alikuwa kwenye cherehani, mdomo umejaa pini. Alimtazama, akazitoa pini moja moja bila haraka. "Wifi," alisema, "au nikuiteje siku hizi?"

"Shikamoo, dada. Yupo?"

"Marahaba. Yupo nyuma ananipigia pasi, na nguo zote za wateja zimenyooka kupita kiasi. Nenda ukanitolee."

Alikuwa nyuma ya pazia, kwenye meza ndefu, suruali nyeusi mbele yake, pasi mkononi. Alikuwa amekonda. Hilo liliwezekana vipi kwa mtu mwembamba vile hakuna ajuaye, lakini alikuwa amekonda.

"Nimeyarudisha yote," akasema Kidole. "Mia tatu na kumi na mawili."

"Najua. Bi Mkuu alikuja hapa jana, akaniambia umebakiza machache. Amesema nirudi Jumatatu, kitengo ni changu nikikitaka." Akapitisha pasi. "Amesema pia ulichowaambia kamati."

"Basi mbona hukunipigia?"

Pasi ikasimama. "Unadhani ni yale maingizo yaliyoniuma?"

"Na ile taarifa."

"Wala si taarifa. Kidole, nilikuwa nimekaa pale. Mita mbili! Ningekupitishia kalamu bila kuinuka. Ulikuwa ugeuze shingo tu useme, Juzuu, hivi ni vitu gani? Ningekueleza kwa furaha, unanijua, ningekueleza mpaka jua lizame. Hukuniuliza. Uliona kitu usichokijua katika kazi yangu, ukaamua ni takataka." Akamgeukia. "Nikajiuliza, siku atakapoona kitu asichokielewa ndani yangu mimi, atakifanyaje?"

Cherehani huko mbele ilikuwa imenyamaza kimya.

Kidole alikuwa amekuja na hotuba, ikayeyuka yote. "Sikuzoea kuuliza," akasema. "Kazi yangu ya kwanza niliuliza swali mbele ya watu, wakacheka wiki nzima. Tangu hapo najua kila kitu, Juzuu. Nikiwa sijui, nafuta. Nimefuta vingi." Machozi yalikuwa yanamtiririka naye hayafuti. "Nisamehe. Nimekukosea kazini, na nimekukosea zaidi hapa. Leo nimekuja kuuliza."

"Haya. Uliza."

"Unakula?"

"Sili vizuri."

"Unanikosa?"

"Hata usiniulize hilo."

"Si nimesema nimekuja kuuliza? Unanikosa?"

"Nakukosa mpaka nachanganya vifungo vya wateja."

"Unanipenda bado?"

"Ndiyo, nakupenda. Hasira ilikuja juu ya mapenzi tu, haikuyaondoa."

Mkataba wa Kidole ulikuwa umebakiza miezi mitatu, na cheo hakipo tena. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliuliza swali ambalo hakujua hata kidogo jibu lake litakuwa nini.

"Utanioa?"

Juzuu akaganda. Mtu ambaye saa ina kurasa kumi na moja kwake hakupata hata sentensi. Moshi mwembamba ukaanza kupanda kati yao.

"Pasi!" Dada Fundi akalifungua pazia kwa nguvu. "Suruali ya watu inaungua! Na wewe mjibu mwenzio, hilo nalo ni swali la kukaa na kutafakari?"

Juzuu aliinyanyua pasi, akaiweka pembeni, akaitazama suruali yenye alama ya kahawia kwenye goti, akamtazama Kidole. "Ndiyo," akasema. "Nitakuoa. Nilitaka nikuulize mimi mwezi wa nane, nilikuwa napanga maneno."

"Mwezi wa nane ungefika na maneno hayajaisha," alisema dada yake. "Makubwa haya, siku hizi wanawake ndio wanaoposa! Tokeni hapo mezani. Wifi, simama wima, nikupime kabla hajaanza kueleza."

Akavuta futi ya kupimia kutoka shingoni, akaipitisha mabegani mwa Kidole, kifuani, kiunoni, akinong'ona namba. Juzuu alikuwa amemshika mkono mmoja na hakutaka kuuachia, ikabidi kipimo kizunguke mkono wake pia.

"Shingo unataka ya duara au ya pembe?" akauliza Dada Fundi. "Kiuno kikubane au kikuachie? Mikono mirefu, mifupi? Sema, nikuandikie."

"Sijui, dada," akasema Kidole, akicheka na machozi bado yanamtoka. "Sijui hata kimoja. Wewe unaonaje?"